Tundu Dogo la Karatasi, Tundu Kubwa la Porini

Ijumaa ya pili ya mwezi wa Mei mwaka huu, kabla ya adhana ya adhuhuri, nilimpoteza mke wangu, Mama Rukia. Tulimzika siku hiyohiyo hapa Newala. Wajukuu waliokuja kwenye msiba waliiona picha yangu ya zamani ukutani, nimevaa kaptura ya kaki na nimeshika bunduki, wakaanza kuniuliza kazi yangu ilikuwaje. Niliwajibu kwa kifupi kwa kuwa watu walikuwa wengi na kichwa changu hakikuwa pamoja nami. Sasa nyumba imetulia, nimeona niwaandikie. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza.

Nilikuwa askari wa wanyamapori. Watu vijijini walituita mabwana nyama, wakubwa na wadogo bila kutofautisha. Kazi yetu kubwa katika wilaya hizi ilikuwa kuwaondoa wanyama katika mashamba ya watu: tembo waliopanda kutoka bonde la Ruvuma, nguruwe waliofukua mihogo, na mara chache simba.

Kitu kimoja lazima nikiseme mwanzoni, kwa sababu kilikaa nasi ndani ya nyumba miaka yote ya kazi. Mke wangu hakuogopa tembo wala simba. Aliogopa kwamba siku moja nitampiga mtu. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyemlea, alikufa hivyo. Alikuwa ameinama jioni katika shamba lake mwenyewe la muhogo, jirani yake akadhani ni nguruwe, akampiga kwa gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomoni. Jirani yule hakuwa mtu mbaya. Alilia msibani kuliko wafiwa, kisha akahama, na hakuna aliyemwona tena. Kwa hiyo nilipomwambia mke wangu kwamba nimepata kazi ya bunduki, hakupiga vigelegele. Aliniambia, "Baba Rukia, mshahara nitaupokea. Lakini usije ukaniletea habari ya mtu."

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Masasi, katika stoo ya silaha, chumba cha bati kilichokuwa chini ya ile milima ya mawe. Aliyenipokea alikuwa Sajenti Fundi wa Silaha, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini na vidole vilivyojaa mafuta. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Kisha alichukua bunduki moja, akachomoa bolti, yaani ule mkono wa chuma unaosukuma risasi ndani, akaiweka mezani, akanipa bunduki ikiwa haina kitu.

"Iweke begani. Lenga mlango ule. Unaona nini?"

"Naona tundu, afande."

"Vibaya. Kwenu mna dirisha?"

"Lipo, afande."

"Ukisimama dirishani unaangalia mbao au unaangalia nje?"

"Naangalia nje."

"Basi angalia nje. Tundu halitazamwi."

Nieleze hapo, kwa sababu vijana wa siku hizi wanajua darubini tu. Bunduki zetu zilikuwa na vyuma viwili vya kulengea. Mbele, mwisho wa mtutu, kulikuwa na kijiti kifupi kilichosimama. Nyuma, karibu na jicho, kulikuwa na pete yenye tundu. Mtu mgeni huhangaika kukiweka kijiti katikati ya tundu kwa nguvu, anakodoa macho mpaka machozi yanamtoka. Hakuna haja. Jicho lenyewe hutafuta katikati, kwa sababu ndipo penye mwanga mwingi. Wewe unakitazama kijiti tu, kikae wazi kabisa, na kile unachokilenga kiwe na ukungu kidogo mbele yake. Pete ya nyuma inafifia kama haipo. Ukiona unaiona pete vizuri, ujue unatazama mbao za dirisha.

Ndani ya pete ile kulikuwa na hesi kama ya kifuniko cha chupa, na Sajenti alikuwa na kikopo cha visahani vidogo vya chuma vya kufungia humo. Kila kisahani kilikuwa na tundu la ukubwa wake. Kimoja tundu lake lilikuwa dogo kama la sindano nene, kingine kama punje ya mtama, kingine kikubwa zaidi. Ukikivua kisahani, inabaki pete wazi, ambayo ndiyo tundu kubwa kuliko yote. Alitufundisha kwa kutuzungusha uwanjani tangu asubuhi mpaka jua kuzama, tukibadilisha visahani. Mchana wa jua kali, tundu dogo ni raha tupu. Kijiti kinakuwa kikali kama kimechorwa kwa kalamu, na hata karatasi ya mbali inaonekana kingo zake. Jua likishuka, tundu lilelile linageuka kuwa giza. Mwanga hauna pa kupita.

Alitufundisha pia kukipaka kijiti masizi. Chuma kikisuguliwa sana na mfuko au majani hung'aa, na kijiti kinachong'aa hudanganya. Jua likikipiga kutoka kulia, upande wa kulia unameremeta, jicho linadhani huo ndio kijiti chote, na risasi inakwenda kushoto. Kwa masizi, sisi wa huku hatukuhitaji kitu cha dukani. Ganda la korosho likiungua hutoa moshi mweusi mzito. Unakishikilia kijiti juu ya moshi kidogo, kinakuwa cheusi tii.

Juu ya moshi, si juu ya ganda. Mwenzangu Bakari, niliyeanza naye kazi wiki moja, siku moja alikuwa na haraka. Alichukua ganda lililoungua nusu, akasugua nalo kijiti, akasugua na pete, na mafuta ya ganda yakamchuruzika mpaka kwenye mti wa bunduki pale shavu linapolala. Kila mtu wa huku anajua mafuta yale yanavyobabua ngozi. Alipiga risasi zake vizuri tu, akashangilia. Asubuhi yake shavu lilikuwa limefura malengelenge na jicho limefumba.

Sajenti alimzunguka mara moja akimtazama.

"Bakari, umezaliwa wapi?"

"Chiungutwa, afande."

"Chiungutwa kuna mikorosho?"

"Ipo tele, afande."

"Ulikuwa unaiona, au ulikuwa unaletewa korosho kwenye sahani?"

Tangu siku ile tulimwita Bwana Korosho, na alilikubali jina. Alikuwa mtu wa kucheka. Nilifanya naye kazi muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kule Masasi mimi nilipenda tundu dogo. Nilikuwa napiga karatasi vizuri, matundu ya risasi yakikaa pamoja kiasi cha kufunikwa na kiganja, na wakubwa walikuwa wananipeleka kwenye mashindano ya wilaya. Sikuwa na jambo lingine la kujivunia, kwa hiyo nililishikilia hilo.

Kisha nikahamishiwa Newala. Huko niliishi na familia katika nyumba ya serikali, chumba na ukumbi, na mke wangu akaanza kupambana na maji. Anayeijua Newala hana haja ya kuelezwa. Maji yalikuwa chini bondeni, watu juu. Na risasi za zamani zilikuwa na chumvi katika baruti yake, ukipiga lazima uumwagie mtutu maji ya moto siku hiyohiyo, la sivyo unaota kutu. Nilipokuwa nikirudi na kuomba birika, mke wangu alikuwa akinipimia maji kwa kikombe huku akisema, "Bunduki inaoga kila ikisafiri. Mimi na watoto tunangoja masika." Lakini maji alinipa kila mara. Kisha aliuliza swali lake, na halikuwa la nyama. "Watu wazima huko?" Nilimjibu, "Wazima." Ndipo alipoendelea na kazi zake.

Mkuu wangu wa Newala alikuwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya, mtu mrefu, mkimya, aliyependa kutembea peku nyumbani kwake. Wiki ya kwanza alinikuta najifunza shabaha na kisahani changu kidogo. Hakusema kitu. Jioni alituita askari wote nyuma ya ofisi, kwenye mikorosho. Alikusanya bolti za bunduki zote, moja moja, akazitia ndani ya kofia yake na kumpa karani azishike, kisha akakagua kila mtutu kwa macho yake. Akatuambia tugeuke, tusitazame mpaka tutakapoitwa. Karani alipotuita, jua lilikuwa limekwisha kuingia nyuma ya miti.

"Kuna nguruwe wanne chini ya mikorosho," karani akasema. "Kila mtu amlenge mmoja, aseme ni yupi."

Nililenga. Katika tundu langu niliona vitu vinne vyeusi, vyote sawa. Nikasema, "Wa pili kutoka kulia."

Kile cha pili kutoka kulia kikasimama. Alikuwa Afisa mwenyewe, amejifunika gunia.

"Umeniua," alisema. Hakuwa na hasira. Alikuja akijipangusa majani magotini. "Haya, vua hicho kisahani. Mimi narudi palepale."

Nilikivua, nikalenga tena kwa pete wazi. Magunia matatu yalikuwa magunia. Moja lilikuwa na mabega. Tena niliona na vitu vya pembeni, shina la mkorosho, majani yaliyokanyagwa, viatu vyake alivyoviacha kando. Kwa tundu dogo vile vyote havikuwepo.

Alituketisha chini akatuambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo. "Tundu dogo ni la karatasi. Karatasi haina watoto. Porini saa za nguruwe ni saa za kiza, na saa hizo ndizo watu wanatoka mashambani. Wewe hutaki kuona nguruwe tu. Unataka kuona kila kisichokuwa nguruwe." Kisha akaweka sheria yake: kisahani kinavuliwa nyumbani kabla ya kutoka. Si porini, kwa sababu porini utasema ngoja kwanza, au kitakuangukia majanini ukitafute mpaka kesho. Mkono ukae na kazi moja.

Sheria ile niliifuata kwa kuwa ni amri. Moyoni niliona anazidisha. Kwa pete wazi risasi zangu hazikukaa pamoja kama zamani, na niliona kama mtu amenivua nguo nzuri.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Chiungutwa, kituo kidogo cha askari wawili, mimi na Bakari. Familia ilibaki Newala kwa sababu ya shule. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja na baiskeli mbili za serikali, moja haina breki. Bakari alikuwa nyumbani kwao, kila tulipokwenda alikuwa na shangazi.

Ilikuwa kiangazi, korosho bado hazijaanza kudondoka. Mwaka ule mihogo ilikuwa haba na watu walikuwa wanaingia msituni kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu. Ming'oko iko chini sana, mchimbaji lazima apige magoti, ainame, na wakati mwingine kichwa na mabega yote yanaingia kwenye shimo. Nguruwe nao wanaipenda. Ukikuta udongo umefukuliwa kichakani huwezi kujua mara moja ni nani aliyepita, mtu au nguruwe.

Dume moja la nguruwe lilikuwa limepigwa kwa gobori na mtu wa kijijini, likakimbia na jeraha. Siku ya pili lilimrarua paja mzee aliyekuwa anakata nguzo. Mwenyekiti wa kijiji alipiga marufuku watu kuingia katika vichaka vya upande ule mpaka mabwana nyama waseme. Akatuita.

Nilikuwa nimefunga kisahani changu kidogo, kwa sababu mashindano ya Masasi yalikuwa karibu na nilikuwa najizoeza. Nilipochukua bunduki ukutani nilianza kukifungua.

"Acha bwana, jua bado lipo," Bakari alisema. "Dume lenyewe ni kali. Wewe si ndiye wa kupiga jicho la kuku?"

"Sheria ya mzee."

"Mzee yuko Newala anatembea peku."

Nilicheka, lakini nilikifungua, nikakitia mfukoni, tukaondoka.

Tulifuata damu mchana wote. Ilikuwa matone makavu, kisha ikapotea, kisha tukakuta udongo mpya umefukuliwa, tukadhani tumelipata. Jua lilikuwa limekwisha kushuka. Katika kichaka kimoja kizito, mbele yetu kama upana wa uwanja wa shule, tulisikia kitu kinachimba. Kilichimba, kikatulia, kikavuta pumzi, kikachimba tena. Bakari alinigusa bega na kunionyesha. Niliona mgongo mweusi, mpana, umeinama, na hauna kichwa.

Sauti ilikuwa ya nguruwe. Mahali palikuwa pa nguruwe. Watu walikuwa wamekatazwa. Na dume lililojeruhiwa halingojwi, likikusikia linakuja. Nilipiga goti, nikaiweka bunduki begani, nikafungua kizuizi cha usalama. Kijiti kilikaa juu ya mgongo ule vizuri kabisa. Bakari, nyuma yangu, alinong'ona, "Sasa."

Nilikuwa nimekwisha kuanza kuvuta. Pete ilikuwa imefifia kama inavyotakiwa, na kichaka chote kilikuwa wazi mbele ya jicho langu. Chini ya kijiti, upande wa kushoto, mahali ambapo sikuwa napalenga, niliona vitu viwili vyeupe vimelala sambamba kwenye majani makavu. Sikujua ni nini. Nilijua tu kwamba nguruwe hana vitu hivyo. Kidole kikasimama chenyewe.

Zilikuwa nyayo za miguu ya mtu aliyepiga magoti.

Nilikirudisha kizuizi, nikaiweka bunduki chini, na nikakaa. Bakari aliyekuwa nyuma bado hakuwa ameona, aliendelea kuninong'oneza, "Piga, piga, unangoja nini?" Nilimwonyesha kwa kidole. Alitazama kwa muda. Kisha naye akakaa.

Mtu yule alitoa kichwa shimoni. Alikuwa mwanamke kijana, amejitanda kaniki nyeusi, uso wote udongo. Alipotuona na bunduki zetu akashtuka, akaficha kikapu nyuma yake.

"Shikamooni," alisema. "Mmekuja kunikamata?"

Bakari ndiye aliyejibu. "Mama, huogopi? Unachimba kama nguruwe."

"Na wewe unahema kama nguruwe," yule mama akamjibu. "Nimekusikia tangu kule, nikadhani ndilo lile dume, nikaingiza kichwa shimoni."

Bakari alicheka, akacheka mpaka akalala chali. Mimi nilikuwa natazama mikono yangu. Nilimuuliza mama yule kwa nini amekuja peke yake na mwenyekiti amekataza. Akasema, "Mwenyekiti kakataza, wanangu hawajakataza." Alikuwa na watoto wawili. Jina lake ni Mama Hadija.

Tulimbebea kikapu mpaka kwake. Tuliona wale watoto, wamekaa kizingitini wakimngoja. Hatukumwambia tulichokuwa tunataka kufanya. Bakari alitaka kusema, kama mzaha, nikamkanyaga mguu. Mwanamke yule aliamini kwamba tumemkuta tukamsindikiza, akatupa ming'oko ya kwenda kuchemsha. Sikuweza kuila.

Kesho yake tuliliona dume. Lilikuwa limekufa kando ya mkondo uliokauka, limelala na lile jeraha la gobori, na lilikuwa limeanza kuoza. Halikufa usiku ule. Lilikuwa limekufa kabla hatujatoka kituoni. Jioni ile katika kichaka hapakuwa na nguruwe yeyote.

Nilipopata ruhusa nilikwenda Newala. Nilimkuta mke wangu anapepeta mtama. Aliuliza swali lake, "Watu wazima huko?" Nikamwambia, "Wazima," kisha nikamweleza yote, tangu kisahani mpaka nyayo. Hakupiga kelele. Aliuweka ungo chini.

"Alifika kwake?"

"Nilimfikisha mlangoni."

"Watoto uliwaona?"

"Niliwaona."

Akauliza jina, nikamtajia. Akauchukua ungo, akaendelea kupepeta. Hatukuizungumza tena habari ile, hata siku moja.

Yaliyobaki ya kazi nitayapitia haraka. Nilirudishwa Masasi, nikawa nafundisha askari wapya kulenga, chini ya Mkuu wa Kituo ambaye alipenda gwaride kuliko shabaha. Mashindano niliyaacha. Niliwafundisha kubadilisha visahani kama Sajenti alivyotufundisha, kupuliza tundu kabla ya kulenga kwa sababu tone la mvua au la mafuta hukaa ndani yake kama kioo na kuharibu kila kitu, na kutazama kama kuna udongo wa nyigu, maana bunduki ikikaa wiki ukutani nyigu huona tundu lile ni nyumba. Niliwafanyia na mchezo wa magunia. Mimi mwenyewe nilikaa chini ya gunia, magoti yangu yakiuma, na karani akashika bolti. Katika kila kundi kulikuwa na mmoja aliyeniua.

Kisha zikaja bunduki zenye darubini. Sizisemi vibaya. Darubini nzuri inakusanya mwanga na inamleta mnyama karibu, kijana anaona masikio yanavyotingishika. Ila inachukua kipande kidogo cha pori, kinachobaki hukioni. Nilikuwa nawaambia walegeze macho, wafungue na jicho la pili, watazame pembeni kabla ya kugusa kifyatulio. Wengine walisikia.

Siku ya kustaafu niliikabidhi bunduki stoo ya Masasi. Kijana aliyeipokea aliikagua, akatia sahihi, akasema, "Mzee, hii haijapata ajali?" Nikasema haijapata. Nilipotoka nje nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Watu husema wakistaafu wanakumbuka bunduki zao. Mimi sikuikumbuka. Nilipanda basi, nikarudi Newala, na tangu hapo nimelima korosho zangu na kupiga dawa mikorosho. Bakari alitangulia miaka michache iliyopita kwa maradhi ya moyo. Mungu amrehemu, alikuwa rafiki mwema.

Siku ya tatu baada ya kumzika mke wangu, bodaboda ilisimama nje. Alishuka mama wa makamo, kajifunga kanga mbili, na dereva akamshushia kiroba cha unga wa muhogo. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanaume. Sikumtambua. Alikuja akapiga magoti mbele yangu kunipa mkono wa pole.

"Baba Rukia, mimi ni Mama Hadija wa Chiungutwa."

Nilishika mkono wake. Nilimuuliza amejuaje msiba.

"Rukia alinipigia simu. Ananijua tangu mdogo." Aliona sielewi. "Kwani marehemu hakukwambia? Alikuja kwangu. Mwezi uleule. Alishuka na basi, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka akanipata. Akasema, nimekuja kukuona kwa macho yangu kama u mzima. Nikamwambia mimi mzima, kwani vipi? Ndipo akaniambia."

"Alikwambia yote?"

"Yote. Alilia, nikalia. Tukapika." Alipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Kila mwaka alikuja, au mimi nilikuja Masasi tukaonana sokoni. Hadija alipoolewa, marehemu alikuwa kwangu wiki nzima."

Nilikumbuka safari za mke wangu za kwenda kwa mdogo wake, kila kiangazi, na jinsi alivyokuwa akirudi ametulia.

"Na mimi mbona hamkuniambia?"

"Nilitaka. Yeye alikataa. Alisema, mume wangu akijua kwamba wewe unajua, kila akikutana na wewe atakuwa anaomba msamaha, na yeye hana kosa. Mwache." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba Rukia, mimi nina wajukuu sita."

Nilimshika mkono tu. Baadaye alinyanyuka, akaingia ndani kwa wanawake, nikasikia wakimpokea, vilio vikapanda, kisha vikashuka, kisha nikasikia mtu akiuliza sufuria kubwa iko wapi. Tangu Ijumaa nilikuwa sijapata usingizi. Nilijilaza palepale mkekani, kati ya wanaume waliokuwa wanazungumza, nikalala mpaka walipokuja kuniamsha nikale.